Vito vyangu vyote ni Perfect, mbona kisanduku kinakataa?

SWALI: Shikamoo fundi. Nacheza Diablo II: Resurrected. Sorceress wangu yuko leveli 74 na juzi nimeingia Hell, kiwango kigumu kuliko vyote. Tangu mwanzo naokota kila kito ninachokiona, na vikifika vitatu vya aina moja navipandisha, kwa hiyo stoo yangu imejaa vito vya daraja la juu kabisa. Sasa nina runi tatu za Thul nataka zigeuke runi inayofuata, Amn. Nimezitia kwenye kisanduku pamoja na topazi ya Perfect, hakuna kilichotokea. Ni hitilafu ya gemu? Pili, nilitia topazi nne za Perfect kwenye deraya, na sasa nimepata deraya nzuri zaidi. Nazitoaje? Tatu, hizo asilimia za topazi zinasaidia pia vito kudondoka kwa wingi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Gemu haina hitilafu. Umefanya kosa nililolifanya mimi mwenyewe, na hulifanya zaidi wachezaji wenye bidii: mvivu asiyepandisha vito vyake angefanikiwa hapo ulipokwama.

Tuanze na hesabu. Vito vina madaraja matano: Chipped, Flawed, kile kisicho na neno mbele ya jina lake, Flawless, halafu Perfect. Gemu haizungumzi Kiswahili, kwa hiyo maneno hayo utayaona hivyohivyo kwenye skrini. Hapa nitayaita daraja la kwanza mpaka la tano. Aina ziko saba: topazi, amethisti, safiri, rubi, zumaridi, almasi na fuvu. (Tanzanaiti haimo. Vijana wameshaniuliza zaidi ya mara moja.) Horadric Cube, kile kisanduku unachokipata Act II (sura ya pili ya gemu) ndani ya Halls of the Dead, kinakula vito vitatu vya aina na daraja moja na kutema kimoja cha daraja linalofuata. Kwa hiyo kito kimoja cha daraja la tano kimemeza 81 vya daraja la kwanza. Na kisanduku hakijui kurudi nyuma. Hakuna namna ya kukivunja kito cha Perfect ukarudishiwa vidogo vyake.

Sasa, runi, yale mawe yenye alama yanayotiwa kwenye matundu ya vifaa kama vito. Kuanzia El mpaka Ort unaunganisha tatu tupu na unapata inayofuata bila kito chochote. Ukifika Thul, kisanduku kinaanza kudai kito, na kinadai daraja maalumu, si lolote lililo juu. Thul tatu zinataka topazi ya daraja la kwanza, ile ndogo yenye ufa uliyokuwa unaiokota Act I. Umekipa ya Perfect, kwake ni kama umetia jiwe la barabarani.

Ukishaijua ngazi yenyewe huhitaji kuikariri runi kwa runi. Vito vinapokezana kwa mpangilio uleule: topazi, amethisti, safiri, rubi, zumaridi, almasi, kisha inarudi topazi lakini daraja moja juu. Vito vya daraja la kwanza vinazihudumia Thul, Amn, Sol, Shael, Dol na Hel, kwa mfuatano huo. Ukifika Io unahamia daraja la pili: Io kwa topazi, Lum kwa amethisti, na kuendelea mpaka Pul kwa almasi. Kutoka Um mpaka Ohm ni daraja la tatu. Kutoka Lo mpaka Cham ni daraja la nne, na Cham mbili zikikutana na zumaridi ya Flawless unapata Zod, ngazi imeishia hapo. Kumbuka pia kwamba mpaka Lem unatoa runi tatu, ila kuanzia Pul zinatosha mbili.

Umeona kilichokosekana? Daraja la tano halimo hata mara moja. Katika ngazi nzima ya runi, kito cha Perfect hakina kazi, na fuvu halina kazi kwa daraja lolote. Ndiyo sababu ninamwambia kila mtu aweke akiba kabla hajapandisha: vitatu vya kila aina, kuanzia daraja la kwanza mpaka la nne, ukiacha mafuvu. Vinavyozidi hapo ndivyo vya kupandisha. Vitachukua nafasi, najua, maana kila kimoja kinakalia mraba wake, ila mule ndani ya kisanduku chenyewe mna miraba 12 huku kikikalia minne tu stoo. Kifanye droo.

Utaipata wapi hiyo topazi ndogo sasa? Hell hutaiona kwa urahisi, kwa sababu mazimwi wa huko wanadondosha vito vya madaraja ya juu. Rudi Normal, kile kiwango rahisi cha mwanzo, Act I. Kwa leveli 74 na Teleport utapita pale kama upepo, fungua masanduku, ua makundi, okota. Njia nyingine ni madhabahu ya vito, Gem Shrine, na hapa kuna ujanja ambao wengi hawautumii. Ukiyagusa ukiwa na vito begini, yanachagua kimoja na kukipandisha daraja moja. Ukiyagusa huna kito hata kimoja, yanakudondoshea kimoja cha daraja la kwanza. Kwa hiyo kwa sasa, ukiyaona, vito vyote viwe stoo. Baadaye, ukishajaza akiba yako, fanya kinyume chake: tembea na kito kimoja cha Flawless peke yake begini, kwa sababu kupandishwa kutoka la nne kwenda la tano kunakuokolea vingine viwili vya Flawless, wakati kupandishwa kutoka la kwanza kwenda la pili ni zawadi ya peremende.

Swali lako la pili jibu lake halipendezi. Kito kikishaingia kwenye tundu hakitoki kizima. Ipo fomula ya kulisafisha tundu: runi ya Hel, hati ya Town Portal na kifaa chenyewe ndani ya kisanduku. Deraya yako itarudi ikiwa na matundu wazi, lakini topazi zote nne zitakuwa zimepotea. Ukitoa Hel yako kwa ajili hiyo utakuwa umelipa mara mbili. Usiitupe deraya ya zamani. Iweke stoo kama nguo ya kazi, uivae unapokwenda kuokota, na hiyo mpya uivae unapokwenda kupigana na wagumu.

Kabla hujatengeneza deraya nyingine ya topazi, tazama namba hizi, kwa sababu ndizo zilizonibadilisha mimi. Topazi kwenye deraya au kofia inatoa MF (Magic Find), ile nafasi bora ya kupata vifaa vya uchawi: 9% kwa daraja la kwanza, kisha 13, 16, 20, na 24 kwa la tano. Topazi nne za Flawless ni 80%, na zimekula ndogo 108. Nne za Perfect ni 96%, na zimekula 324. Yaani umelipa mara tatu kwa ajili ya 16%. Kwa mtu anayeanza Hell mimi ningeweka Flawless na kulala usingizi. Rubi nazo zinakwenda hivyohivyo: kwenye deraya zinaongeza uhai kwa 10, 17, 24, 31 na 38. Daraja la mwisho siku zote ndilo ghali kupita faida yake.

Na hiyo MF yenyewe haifanyi kazi unavyoidhani. Jibu la swali lako la tatu ni hapana: haigusi vito wala runi. Inachofanya ni kuamua kifaa kinachodondoka kitoke cha buluu, cha njano, cha kijani au cha dhahabu. Kwa vile vya dhahabu, Unique, inapungua nguvu kadiri unavyoirundika. Zidisha MF yako mara 250, ugawe kwa MF yako ukijumlisha 250. Deraya ya topazi nne za Perfect na kofia ya topazi tatu zinakupa 168%. Weka kwenye hesabu, unabaki na kama 100% tu. Kwa vile vya kijani, Set, tumia 500 badala ya 250, na kwa vya njano, Rare, tumia 600. Kwa hiyo usivunje mwili wako wote kwa ajili ya MF. Hell inakukata 100 kwenye kila kinga, na Sorceress asiye na kinga anakufa kabla hajaokota chochote. Ngao yako iachie almasi: kila moja ya Perfect inaleta 19 kwa kinga zote nne, kwa hiyo ngao ya matundu matatu inakupa 57. Kama ni kinga moja tu inayokusumbua, mathalani radi, topazi moja ya Perfect kwenye ngao ni 40 kwa radi peke yake.

Basi hizo Perfect zilizojaa stoo uzifanyie nini? Zina kazi tatu nzuri.

Ya kwanza ni kutoboa matundu. Tal, Thul na topazi ya Perfect hutoboa deraya ya kawaida. Ral, Amn na amethisti hutoboa silaha. Ral, Thul na safiri ni kwa kofia, na Tal, Amn na rubi ni kwa ngao. Kifaa kiwe cha kawaida kabisa, maandishi yake meupe au ya kijivu, kisicho na tundu na kisichoitwa Superior. Idadi ya matundu ni bahati nasibu: gemu inarusha dadu ya pande sita, na ikizidi uwezo wa kifaa inakatwa hapo. Kwa deraya inayoweza kubeba manne, nafasi yako ya kupata manne kamili ni nusu kwa nusu. Kama hupendi kamari na bado hujaitumia zawadi ya mhunzi Larzuk baada ya kumuua Shenk mwanzoni mwa Act V, yeye hutoboa mpaka mwisho wa uwezo wa kifaa.

Ya pili ndiyo ninayokushauri uanze nayo leo hii: hirizi. Vito vitatu vya Perfect, vya aina yoyote, pamoja na Grand Charm moja, vinakupa Grand Charm mpya yenye sifa nyingine. Unawinda ile inayoongeza 1 kwenye tawi zima la ujuzi wako. Hirizi yenyewe iwe na leveli 50 au zaidi (hiyo ni leveli ya kifaa, si yako), na yoyote ya Hell inatimiza hilo. Ukitaka ile inayoweza kuja na uhai wa 41 mpaka 45, inatakiwa 91, kwa hiyo tafuta iliyodondoshwa na Diablo au Baal wa Hell, kwa sababu leveli ya hirizi haibadiliki hata ukiirudia mara mia. Hapa ndipo zumaridi zinapopata maana. Kwenye silaha sumu yake ni 100 kwa sekunde saba, kwa Hell hiyo ni mate ya sisimizi. Zitie huku.

Ya tatu ni kidani, na hapa nakuomba usubiri. Ral moja, amethisti ya Perfect, johari (Jewel) yoyote na kidani cha buluu vinatoa kidani cha Caster, chenye kasi ya kutupa uchawi kati ya 5 na 10% kila mara. Ral zitakuja kwa Countess wa Normal, ndani ya Forgotten Tower. Lakini kinachotafutwa na kila mtu ni +2 kwa ujuzi wote wa Sorceress, na hiyo inataka leveli 90 ya kifaa. Leveli ya kidani kinachotoka ni nusu ya leveli yako ukijumlisha nusu ya leveli ya kidani ulichokitia. Wewe uko 74, nusu ni 37. Hata ukitia kidani cha leveli 99, nusu yake gemu inahesabu 49, jumla 86. Hakifiki. Utachoma amethisti zako zote usiku kucha na haitatokea. Kwa vidani vya kamari kutoka mjini, wenye uzoefu husubiri mpaka leveli 93 au zaidi. Amethisti zikusanye, zifungie.

Mafuvu ya Perfect, ukiacha ile kazi ya hirizi, yana habari yake ya peke yake. Kwenye silaha ya askari wako wa kukodi moja linamfanya anyonye uhai kwa 4% ya madhara ya kila pigo, na askari wa Act II asiyenyonya uhai Hell anakufa kila baada ya mlango. Mpe moja. Yanayobaki yaweke kando mpaka utakapopata pete ya Stone of Jordan: mafuvu matatu na pete hiyo hutoboa tundu moja kwenye kifaa cha Rare, ingawa siku utakayoipata, nina shaka kama utakubali kuichoma.