Piramidi za Misri: nani alijenga, mawe yalipandaje, na roho ya mfalme ilikwenda wapi

Barua zenu kuhusu piramidi zimekuja za namna mbili. Kuna wanaotaka kujua mawe yalipandishwaje, na kuna wanaotaka kujua watu wale waliamini nini. Nimezichanganya makusudi, maana kwa Wamisri wa kale hayo hayakuwa mambo mawili. Hakuna taifa linalokokota mawe miaka 20 na ushei kwa ajili ya kaburi tu. Walikokota kwa sababu kulikuwa na jambo walilokuwa na yakini nalo.

SWALI (fundi mwashi, Tanga): Sisi tukijenga ghorofa mbili tu jasho linatutoka, na winchi tunayo. Hawa hawakuwa na kreni wala chuma. Walifikaje juu mita 146?

Fundi, swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Piramidi Kuu ya Giza, mahali karibu na Kairo, ni ya mfalme Khufu, yapata mwaka 2560 KK. Inakadiriwa kuwa na mawe milioni 2.3, na jiwe la wastani lina uzito wa tani 2.5. Mengi ya mawe hayo hayakusafiri. Yalikatwa palepale uwandani, mita mia chache kutoka kwenye jengo, na mashimo ya machimbo bado yanaonekana. Ni jiwe la chokaa, rahisi kufanyia kazi, linakubali tindo la shaba na nyundo ya mti. Shughuli ilikuwa kwenye mawe meupe ya kufunikia nje, yaliyotoka Tura ng'ambo ya mto, na kwenye graniti ya Aswan, kiasi cha kilomita 800 kusini. Boriti za graniti zilizoezeka chumba cha mfalme zina makumi ya tani kila moja. Graniti haisikii tindo la shaba, kwa hiyo waliiponda kwa mawe magumu zaidi, wakaikata kwa misumeno ya shaba huku wakimwaga mchanga kwenye mkato, na mchanga ndio uliokula jiwe.

Kukokota walikokota kwa tela la mbao lisilo na magurudumu. Katika kaburi la Djehutihotep, liwali aliyeishi karne nyingi baada ya Khufu, kuna mchoro wa sanamu kubwa mno ikivutwa na safu za wanaume kwa kamba, na mtu mmoja amesimama mbele ya tela akimwaga maji mchangani. Watu walidhani ni ibada tu. Mwaka 2014 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam wakapima, wakakuta mchanga uliolowa kwa kiasi sawasawa unapunguza nguvu ya kuvuta hadi nusu. Ukiwa mkavu unarundikana mbele ya tela, na ukizidi maji unakuwa tope. Yule bwana alikuwa anajua anachofanya.

Kupanda walipanda kwa matuta ya mteremko yaliyojengwa kwa kifusi na udongo, yakabomolewa kazi ilipokwisha. Wataalamu bado wanabishana kama tuta lilikuwa moja lililonyooka au lilizunguka jengo, lakini matuta yenyewe si ya kubuni. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba huko Hatnub, kwenye machimbo ya alabasta, limepatikana tuta kali la wakati wa Khufu, lenye ngazi pande zote mbili na matundu ya nguzo. Nguzo zile zilisaidia kuzungushia kamba, ili baadhi ya watu wavute wakiwa chini ya mzigo badala ya wote kuwa juu yake. Na usisahau hesabu ya umbo lenyewe: sehemu kubwa ya mawe ya piramidi iko chini. Ukifika theluthi ya urefu, zaidi ya theluthi mbili ya mawe umeshayapanga.

Timazi walikuwa nayo. Pande nne za piramidi ile zina mita 230 kila mmoja, zikitofautiana kwa sentimita chache tu, na zimeelekea kaskazini, kusini, mashariki na magharibi kwa kosa lisilofika sehemu ya kumi ya nyuzi moja. Hilo, fundi, wewe ndiye utakayelielewa kuliko msomaji mwingine yeyote hapa.

SWALI (mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kakamega): Mwalimu anasema zilijengwa na watumwa. Mchungaji wetu anasema ni wana wa Israeli. Nimwamini nani?

Mwanangu, fungua Kutoka sura ya kwanza usome polepole. Inasema Waisraeli walifanyishwa kazi ya chokaa na matofali, wakamjengea Farao miji ya hazina, Pithomu na Ramesesi. Piramidi hazitajwi. Nazo za Giza ni za mawe, tena zilikuwa zimekwisha kusimama zaidi ya miaka 1,000 kabla ya wakati ambao wasomi wengi huuwekea habari za Musa.

Habari ya umati wa watu 100,000 wakifanya kazi kwa zamu inatoka kwa Mgiriki Herodotus, aliyefika Misri miaka 2,000 baada ya Khufu. Leo tuna ushahidi ulio karibu zaidi. Kusini ya Sphinx, ile sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu pale Giza, umefukuliwa mji wa wafanyakazi, wenye matanuri ya mikate, sehemu za kutengenezea pombe ya shayiri, na mifupa mingi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mwaka 1990 yakaonekana makaburi ya wafanyakazi wenyewe, kilimani, karibu kabisa na piramidi za wafalme wao. Mtumwa asiyethaminiwa hazikwi pale. Mifupa yao inaonyesha migongo iliyochakazwa na mizigo, na pia mikono na miguu iliyovunjika ikaungwa vizuri ikapona. Yaani kulikuwa na mtu wa kuwatibu.

Vikosi vilijiandika majina ndani ya majengo, mahali ambapo hakuna mgeni angeona. Kimoja kilijiita Marafiki wa Khufu, kingine Walevi wa Menkaure, mfalme mwingine mwenye piramidi pale Giza. Ni majina ya watu wanaoshindana na wenzao wa upande wa pili.

Lakini shahidi ninayempenda ni mnyapara mmoja aitwaye Merer. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Mfaransa Pierre Tallet walipata, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, karatasi za mafunjo ambazo ndizo za kale kuliko zote zenye maandishi. Baadhi yake ni daftari la kazi la Merer. Aliongoza watu kama 40 na mashua, akiandika siku baada ya siku: leo tumepakia mawe Tura, leo tumelala njiani, leo tumeshusha kwenye gati la Khufu. Safari mbili tatu kila siku kumi. Anamtaja mkuu wa gati, Ankhhaf, ndugu wa mfalme kwa upande mmoja. Hakuna siri wala uchawi humo, ni mtu anayeandika mzigo umeingia lini na chakula cha vijana kimefika au la.

Sasa usiende kusema walikuwa vibarua huru kama wa leo. Ilikuwa kazi ya lazima kwa taifa, mfano wa msaragambo mkubwa uliosimamiwa na ikulu, na sidhani mkulima aliulizwa kama anataka. Mafundi wa kudumu walikuwapo mwaka mzima. Wengine waliongezwa kwa zamu, hasa mafuriko ya Nile yalipofunika mashamba na maji yakafikisha mashua karibu na uwanda. Maji hayo mengi yalitoka kwenye mvua za milima ya Ethiopia. Mwambie hivyo mwalimu wako, kwa adabu.

SWALI (mama, Bukavu): Mimi nataka kujua roho. Kwa nini umbo lile lenye ncha? Wangeweza kujenga sanduku.

Mama, sanduku ndilo walianza nalo. Wafalme wa mwanzo walizikwa chini ya majengo bapa ya matofali mabichi. Yapata 2650 KK, pale Saqqara, Imhotep alimjengea mfalme Djoser jengo la mawe la ngazi sita, kila moja ndogo kuliko iliyo chini yake. Ngazi ni ya kupanda, na ndilo jambo lenyewe. Baadaye mfalme Sneferu, babake Khufu, alitaka pande zilizo laini. Jaribio moja kule Dahshur lilianza kwa mwinamo mkali, jengo likaonyesha nyufa, wakalegeza mwinamo katikati. Limesimama hadi leo limepinda. Kisha akajenga jingine, Piramidi Nyekundu, likanyooka.

Ncha ile ina habari yake. Katika mji wa Oni, ambao Wagiriki waliuita Heliopolis, makuhani walifundisha kwamba mwanzoni kulikuwa na maji tu, giza tupu, kisha kilima kikajitokeza majini na muumba akasimama juu yake. Kwa watu ambao kila mwaka waliona Nile ikifunika nchi, halafu ardhi nyeusi ikichomoza yenye rutuba, hilo halikuwa fumbo. Walikuwa na jiwe takatifu la kilima hicho, na piramidi ni kilima hicho kimejengwa upya: mahali ambapo uhai ulianza mara ya kwanza ndipo mfalme alazwe ili uanze tena.

Ni miale ya jua pia. Ukitazama jua likipasua mawingu, miale inashuka kwa upana unaoongezeka, na mawe meupe ya Tura yaliyosuguliwa yalifanya jengo zima ling'ae. Piramidi ya Khufu iliitwa Upeo wa Khufu, yaani pale jua linapozama na kuchomoza. Zimejengwa ukingo wa magharibi, kwenye machweo.

Piramidi za Giza hazina maandishi ya dini ndani. Kwa maneno yao wenyewe inabidi uingie piramidi ndogo ya mfalme Unas, Saqqara, ya yapata 2350 KK. Nje imebomoka kama kichuguu. Ndani, kuta zimejaa safu za maandishi yaliyochongwa na kutiwa rangi ya buluu, na dari imechongwa nyota. Humo anaambiwa kwamba hakuondoka akiwa mfu, ameondoka akiwa hai. Kwingine miale ya jua inakuwa njia ya kupandia chini ya nyayo za mfalme. Anakwenda kwa Ra, mungu wa jua, anakuwa kama Osiris, mungu aliyeuawa akafufuka, na anajiunga na nyota za kaskazini zisizozama kamwe, ndiyo sababu mlango wa piramidi huelekea kaskazini. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna nyota za namna hiyo, kwetu karibu kila nyota huchomoza na kuzama. Kule Misri, usiku kucha wanaziona zikizunguka bila kugusa ardhi, na ni rahisi kuona kwa nini waliziona kuwa makao ya wasiokufa.

Na mtu hakuwa na roho moja. Kulikuwa na ka, nguvu ya uhai inayohitaji kula hata baada ya kifo, na kwa ajili yake hekalu lilijengwa upande wa mashariki na makuhani wakaleta mkate na pombe. Kulikuwa na ba, iliyochorwa baadaye kama ndege mwenye kichwa cha mtu, anayetoka na kurudi kwa mwili. Ndiyo maana mwili ulihifadhiwa. Viwili hivyo vikipatana, marehemu huwa akh, aliye katika nuru. Mfalme akifika salama, waliamini, jua litachomoza, mto utajaa, na haki itasimama nchini kwa wote. Mkokotaji wa mawe alikuwa akijifanyia na yeye.

SWALI (mwalimu wa madrasa, Mombasa): Je, Firauni wa Nabii Musa amezikwa ndani ya piramidi mojawapo?

Hapana, ustadh. Si Kurani wala Taurati inayomtaja kwa jina lake binafsi. Wengi humhusisha na Ramesses II au mwanawe Merenptah wa karne ya 13 KK, na wakati huo wafalme walikwisha acha piramidi. Walizikwa kwenye mapango yaliyochongwa katika Bonde la Wafalme, karibu na Luxor, kwa sababu piramidi zilivunjwa na wezi kupita kiasi. Ahmose, yapata 1525 KK, ndiye mfalme wa mwisho kujijengea piramidi ndani ya Misri, kule Abydos.

SWALI (kijana, Dar es Salaam): Kuna mtu anauza piramidi ndogo za shaba, anasema ukiweka chini ya kitanda zinavuta nguvu na kuponya. Ninunue?

Usinunue. Wamisri hawakufundisha kwamba umbo peke yake linaponya. Waganga wao walitumia asali kwenye vidonda, bandeji, gango za mifupa, na dua. Ukiumwa nenda hospitali.

SWALI (msomaji, Kampala): Nimesikia Sudan ina piramidi nyingi kuliko Misri. Mbona hatuzisikii?

Ni kweli, zinapita 200. Wafalme wa Kushi, ufalme wa kale wa Sudan, waliitawala hata Misri yenyewe katika karne ya 8 KK. Piye alizikwa chini ya piramidi El-Kurru na Taharqa akajenga yake Nuri, karne nyingi baada ya Misri kuacha. Baadaye mji wao wa Meroe ukaendelea na desturi hiyo hadi karne ya 4 baada ya Kristo. Ni ndogo, kali mwinamo, na chumba cha maiti kimechimbwa chini ardhini, na hekalu dogo upande wa mashariki. Malkia nao walijengewa, nao walitawala kwa haki yao. Imani ni ileile ya jua na Osiris, wakaiongezea Apedemak, mungu wao mwenye kichwa cha simba.

Mbona hatuzisikii? Sababu moja inaniuma. Mwaka 1834 Mtaliano Giuseppe Ferlini alifika Meroe kutafuta hazina akabomoa vilele vya piramidi kadhaa. Katika ile ya malkia Amanishakheto alipata dhahabu: bangili, pete za muhuri, mapambo ya shingo. Alipozipeleka Ulaya kuziuza, baadhi ya watu hawakuamini kwamba kazi safi namna ile imefanywa na Waafrika, wakadhani ni bandia. Mwishowe zilinunuliwa Ujerumani. Vilele vya Meroe bado vimekatika, Sudan imo vitani tangu Aprili 2023, na anayetaka kuona bangili za Amanishakheto inambidi aende Berlin na Munich.