Uliza Ujibiwe: Mhungaria Aliyezipa Inter na Bologna Ubingwa

SWALI: Ndugu Mhariri, kijana wangu amesoma mahali kwamba kocha mwenye umri mdogo kuliko wote kuwahi kutwaa ubingwa wa Italia alikuwa Mhungaria, na kwamba aliuawa na Wanazi. Nimefuatilia kandanda ya Ulaya tangu enzi za kusikiliza redio, lakini jina hilo sijapata kulisikia. Je, habari hii ni ya kweli? Na ilikuwaje Mhungaria akafundisha Italia zama hizo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yetu wa Tanga, kijana wako amesoma jambo la kweli. Kocha huyo ni Árpád Weisz, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1896 katika mji mdogo wa Solt, kusini mwa Budapest.

Tuanze na swali lako la pili. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Hungaria ilipoteza takriban theluthi mbili za ardhi yake, uchumi ukaporomoka, na mwaka 1920 ikatungwa sheria ya kupunguza idadi ya Wayahudi katika vyuo vikuu. Wakati huohuo nchi hiyo ilikuwa imejaa watu walioujua mpira vizuri, kwa kuwa Mwingereza Jimmy Hogan alikuwa amewafundisha vijana wa klabu ya MTK kucheza pasi fupi za chini badala ya kubutua. Wengi wakaondoka kwenda kuuza ujuzi wao ugenini, na Weisz, aliyekuwa winga wa kushoto, alikuwa miongoni mwao. Alicheza Brno, kisha Alessandria, kisha Inter ya Milan, ambako jeraha lilimlazimisha kutundika daluga. Mwaka 1926 wakuu wa soka wa Italia walipiga marufuku wachezaji wa kigeni lakini hawakuwagusa makocha, na mwaka huohuo Weisz akakabidhiwa timu ya Inter.

Pale Inter alimkuta kijana aitwaye Giuseppe Meazza, ambaye mwaka 1927 alimchezesha katika kikosi cha wakubwa akiwa na umri wa miaka 17, huku mchezaji mmoja mkongwe akinung'unika kwamba sasa timu inachukua watoto. Kijana alifunga siku hiyohiyo. Inasimuliwa kwamba Weisz alimweka Meazza mbele ya ukuta, akimtaka apige mpira saa nzima kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, mpaka miguu yote miwili ikawa sawa. Kwa maoni yetu, hapo ndipo unapomwona Weisz mwenyewe. Wakati makocha wengi walisimama kando ya uwanja wakiwa na koti na tai, yeye alivaa bukta akaingia kufanya mazoezi pamoja na wachezaji, na alifuatilia hata chakula chao.

Msimu wa 1929–30 ulikuwa wa kwanza kwa Italia kuwa na ligi moja ya taifa, timu zote zikikutana nyumbani na ugenini. Inter, ambayo serikali ya Kifashisti ilikuwa imeilazimisha kuitwa Ambrosiana, ilitwaa ubingwa huo, na Meazza akaongoza kwa mabao 31. Weisz alikuwa na umri wa miaka 34, na rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Mwaka 1930 alitoa kitabu cha kufundishia mpira alichokiandika pamoja na Aldo Molinari.

Baadaye aliinusuru Bari isishuke daraja, akarudi Inter, na mwaka 1935 akaenda Bologna. Juventus ilikuwa imetwaa ubingwa mara tano mfululizo. Bologna ya Weisz ikaukatisha mfululizo huo mwaka 1936 kwa tofauti ya pointi moja tu dhidi ya Roma, kisha ikautetea ubingwa wake mwaka 1937. Katika mashindano ya mpira ya Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka huohuo wa 1937, iliifunga Chelsea mabao 4–1 katika fainali. Katika miaka ile Waingereza walihesabiwa kuwa walimu wa dunia nzima, hivyo ushindi huo haukuwa mdogo.

Mwaka mmoja tu baadaye, serikali hiyo ya Kifashisti, chini ya Mussolini, ilitunga sheria za ubaguzi wa rangi, na Wayahudi wa kigeni walioingia Italia baada ya mwaka 1919 wakaamriwa kuondoka. Mwezi Oktoba 1938 Weisz aliiacha timu iliyokuwa ikielekea ubingwa mwingine. Hata kwao hakukuwa kimbilio, kwa sababu Mei mwaka huo Hungaria nayo ilikuwa imepitisha sheria dhidi ya Wayahudi. Akapitia Paris, kisha akapata kazi Dordrecht, Uholanzi, katika klabu ndogo iitwayo DFC. Kocha aliyekuwa ameifunga Chelsea sasa alihangaika timu yake isishuke daraja; akainusuru, na baadaye akaifikisha nafasi ya tano.

Wajerumani waliivamia Uholanzi mwaka 1940, na mwaka uliofuata akakatazwa kufundisha. Agosti 1942 alikamatwa pamoja na mkewe Ilona na watoto wao, Roberto wa miaka 12 na Clara wa miaka 8. Mama na watoto waliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi nchini Poland, tarehe 5 Oktoba 1942. Yeye aliteremshwa kwenye treni njiani kuelekea huko kwa sababu alikuwa na nguvu za kufanya kazi za shokoa, na baadaye naye akafa Auschwitz tarehe 31 Januari 1944.

Wala usijilaumu kwa kutolisikia jina lake, kwa maana hata Italia lilikuwa limesahaulika kwa zaidi ya miaka 60. Mwandishi wa habari Matteo Marani ndiye aliyelifufua mwaka 2007, baada ya kuanza kazi yake katika shule za msingi za Bologna, akipekua rejista za zamani kumtafuta mwanafunzi aitwaye Roberto Weisz.