Keria ya Suzuki Jimny: ushauri kwa fundi anayeanza

Fundi anayeanza kazi ya kutengeneza keria kwa kawaida hufikiria kwanza mashine ya kuchomelea, na mizani huikumbuka mwishoni kabisa, wakati keria imeshapakwa rangi na watu wawili wanapata shida kuinyanyua. Kwa gari dogo la porini kama Suzuki Jimny, mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Jimny ya kizazi cha nne, iliyotoka Japani mwaka 2018, ina uzito wa takriban kilo 1,100 na kimo cha mita 1.72, na kitabu chake cha mwongozo kinaruhusu kilo 30 tu juu ya paa. Kilo hizo si za mizigo peke yake, kwa maana keria yenyewe imo ndani yake, pamoja na kamba, bolti na taa zozote utakazofunga. Mteja anayekuja gereji akiwa na picha ya Land Cruiser ya watalii, iliyopakia madumu na tairi za akiba juu, anastahili kuelezwa jambo hili kabla hujakata chuma hata kipande kimoja.

Chukua karatasi upige hesabu. Chuma kina uzito wa takriban kilo 7,850 kwa mita moja ya ujazo, na kutokana na namba hiyo unaweza kupata uzito wa mita moja ya bomba lolote lililopo dukani. Skwea paipu ya milimita 25 kwa 25 yenye unene wa milimita 2, ambayo wanaoanza huipenda kwa sababu haitoboki upesi, ina karibu kilo 1.44 kwa mita. Sasa chora keria kama wengi wanavyoichora: urefu mita 1.4, upana mita 1.1, fremu ya chini na fremu ya juu, vyuma saba vya kukatiza, na nguzo fupi kumi za kuunganisha fremu hizo mbili. Utatumia karibu mita 19 za bomba, yaani kilo 27, na ukiongeza miguu sita pamoja na bolti zake umefika kilo 30. Keria hiyo itakuwa imara sana, lakini kwa mujibu wa kitabu cha gari hakuna mzigo wowote uliobaki wa kuwekwa juu yake.

Ichore upya kwa skwea paipu ya milimita 20 yenye unene wa milimita 1.5, ambayo madukani huitwa geji 16 na ina kilo 0.87 hivi kwa mita. Bakiza fremu moja ya chini, vyuma vitano vya kukatiza, na ukingo mfupi wa bomba la duara la milimita 16, geji 18, kwa pande tatu tu, huku upande wa nyuma ukiachwa wazi kwa ajili ya kupakia. Pamoja na miguu utapata kilo 13 au 14, na hivyo mteja atabakiwa na kilo 16 hivi za mizigo. Kwa barabara mbovu, baadhi ya watengenezaji wa keria hushauri uzito unaoruhusiwa ugawanywe kwa 1.5, kwa kuwa mzigo unaorushwa juu na kudondoka hulielemea paa kuliko uzito wake ulivyosomeka kwenye mizani. Kilo 30 zinakuwa 20, na baki ya mteja inashuka hadi kilo 6 au 7. Dumu la lita 20 za maji peke yake linazidi hapo. Ndiyo maana naamini kwamba keria ya gari hili ni ya vitu vyepesi vinavyochukua nafasi kubwa, kama vile mikeka, magodoro ya kambi, turubai na viti vya kukunja, ilhali maji na mafuta yanapaswa kukaa chini, karibu na sakafu. Umbali kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia ni takriban mita 1.4 tu, na gari jembamba lenye uzito juu hupinduka kwenye mteremko wa ubavuni ambao lingeupita salama likiwa tupu.

Wapo watakaouliza kuhusu alumini, kwa kuwa uzito wake ni kama theluthi ya chuma. Ni swali zuri, lakini alumini inadai mashine ya TIG (inayochomelea kwa sindano ya tangsteni na gesi ya kukinga) ya mkondo geu, usafi mkubwa na mkono uliozoea, na aina nyingi za alumini ngumu hupoteza sehemu kubwa ya uimara wake pale zilipopata joto la kuchomelea. Anayeanza na abaki kwenye chuma.

Baada ya hesabu hufuata miguu, na hapa ndipo ningeomba utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Jimny ya kizazi cha nne, kama zilivyokuwa Suzuki za zamani za SJ410, ina mfereji wa maji kila upande wa paa, na mfereji huo ndio unaobeba keria. Bati la paa lenyewe ni jembamba, chini ya milimita moja, na halipaswi kuguswa na chuma chochote. Usipime mfereji mahali pamoja ukadhani umeshapima gari lote. Weka futi kamba mbele, katikati na nyuma, uandike upana wa kila sehemu, kisha kata maboksi ya karatasi ngumu yafuate umbo la mfereji na mzingo wa paa, moja kwa kila mguu. Andika namba kwenye kila boksi pamoja na upande wake. Mguu wa kwanza kushoto unaweza usilingane na wa tatu, na tofauti ya milimita tatu au nne inatosha kuifanya keria ikalie miguu minne huku miwili ikining'inia bure.

Mguu mzuri una vipande viwili. Cha kwanza ni kipande cha flatibaa ya milimita 4 kinachokaa juu ya mfereji na kupanda hadi kwenye fremu. Cha pili ni kucha inayoshika mfereji kwa chini, na vyote viwili hubanwa kwa bolti za M8, yaani za kipenyo cha milimita 8. Matundu ya bolti yafanye marefu kidogo badala ya kuwa duara, ili ubaki na nafasi ya kusogeza wakati wa kufunga. Kati ya chuma na mfereji weka mpira, hata ule wa tyubu kuukuu ya tairi, kwa sababu rangi ikikwanguliwa hapo maji yatatuama na kutu itaula mfereji kabla mteja hajagundua. Kucha isizidi urefu unaouwezesha mlango kufunguka na mpira wa mlango kukaa sawasawa. Ijaribu kwa kufungua na kufunga mlango polepole huku ukichungulia kwa tochi. Miguu iwe mitatu kila upande, na uache nafasi ya angalau milimita 30 kati ya vyuma vya kukatiza na sehemu ya paa iliyoinuka zaidi, kwa kuwa chuma kilichobeba mzigo hupinda kidogo kila gari linapopita shimoni.

Fremu yenyewe iunganishwe chini, juu ya meza au sakafu uliyoihakikisha kwa pimamaji. Usichomelee keria ikiwa juu ya gari. Cheche za grainda huingia kwenye kioo na rangi zikaacha alama zisizotoka, na umeme wa mashine ukitafuta njia kupitia bodi unaweza kuharibu kompyuta ya gari. Kata pembe kwa nyuzi 45, usawazishe kwa tupa, na uhakikishe vipande vinagusana vizuri, maana kwenye bomba la milimita 1.5 uwazi unaopitisha ukucha tayari ni mkubwa na ndio unaosababisha chuma kutoboka. Shikiza kwanza kwa nukta ndogo kwenye pembe zote nne, kisha pima mishazari miwili, kutoka pembe hadi pembe ya mkabala. Ikilingana, fremu iko mraba. Isipolingana, gonga ule mrefu mpaka ilingane, wakati nukta bado zinakubali. Guni, yaani kipimo cha pembe mraba, peke yake haitoshi kwa fremu ya mita moja na zaidi.

Wakati wa kuchomelea kikamilifu, kumbuka kwamba chuma kilichoyeyuka husinyaa kinapopoa na kuvuta upande wake. Ukimaliza pembe moja pande zote kabla ya kwenda nyingine, fremu itajikunja na hakuna nyundo itakayoirudisha vizuri. Chomelea kidogo pembe hii, nenda pembe ya mkabala, rudi, na uiache ipoe yenyewe bila kumwagiwa maji. Kwa mashine ya kawaida ya umeme tumia elektrodi za aina ya E6013 (namba hiyo huandikwa kwenye pakiti) za milimita 2, kwa ampea 40 hadi 60 hivi, na ujaribu kwanza kwenye vipande vilivyobaki vya bomba lile lile. Elektrodi za milimita 2.5 zinapatikana kila mahali, lakini kwa mkono usiozoea zitatoboa bomba hili. Sehemu za wima zishuke kutoka juu kwenda chini kwa mwendo wa haraka, ili joto lisikusanyike. Baada ya kila mstari ondoa magamba kwa nyundo na brashi ya waya, kisha kagua kwa makini kingo za mstari: kama kuna kijifereji kilicholiwa kando yake, hapo ndipo ufa utakapoanzia siku gari likitetemeka kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi. Miguu ya mbele na ya nyuma iongezewe vipande vya pembetatu inapokutana na fremu, kwa maana inavutwa zaidi kila gari linapofunga breki au kupanda.

Bomba lililopakwa zinki linapendwa kwa kuwa halishiki kutu, lakini zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za selisiasi, muda mrefu kabla chuma hakijayeyuka, na moshi wake huleta homa na kichefuchefu. Isugue zinki kabisa kando ya kiungo, na ufanye kazi hiyo mahali penye hewa. Kioo cheusi cha kofia ya kuchomelea kiwe namba 10 au 11, na msaidizi anayekushikia fremu avae pia. Mwanga wa kando ukimpata, macho yake yatauma usiku kama yaliyotiwa mchanga.

Ncha zote za mabomba zifunikwe, ila kila bomba lililofungwa liachiwe tundu la milimita 3 upande wa chini. Hewa iliyopata joto ndani husukuma na kuharibu kiungo cha mwisho, na unyevu unaobaki ndani huozesha bomba mahali usipoweza kuona. Rangi haina mengi: futa mafuta kwa tina, paka praima siku ile ile, kisha mikono miwili ya rangi ya juu.

Keria ikishafungwa kwa nati za kujikaza, pakia mfuko wa mchanga wenye uzito uliokubaliana na mteja, uendeshe taratibu kwenye barabara mbovu ya karibu, kisha shuka ukague kila bolti. Mwambie mteja arudi baada ya kilomita 100 hivi, kwa sababu mpira hujibana na bolti hulegea hata kama ulizikaza vema. Akirudi, safisha vumbi kwenye viungo vya miguu na uangalie kama rangi imepasuka kwa mstari mwembamba. Mstari huo kwa kawaida ni ufa wa chuma kilicho chini yake. Usiuchomelee kwa juu. Ukate wote kwa grainda mpaka chuma kizima kionekane, uchomelee upya, na kabla ya kuirudisha keria juu ya gari muulize mteja alibeba nini.