Ulifanya kazi kwenye ambulensi? Acha king'ora, waandikie ulichokiona

Kila mwaka ikikaribia Mei, wadogo zangu wanaoomba kusomea udaktari hapa Marekani hunitumia rasimu zao niwasomee. Waliofanya kazi ya EMT, yaani mhudumu wa dharura wa ngazi ya msingi kwenye ambulensi, karibu wote huanza na king'ora: taa zinawaka, gari linakimbia, mgonjwa hapumui, mwandishi anaanza kumkandamiza kifua. Ninawaelewa, maana hata mimi nilianza hivyo. Mwaka wangu wa kwanza niliomba vyuo kumi na vinne na sikuitwa usaili hata na kimoja.

Nilifanya kazi hiyo miaka miwili na nusu, jimbo la Iowa, kwenye kampuni binafsi ya ambulensi, zamu za saa kumi na mbili kila moja. EMT yuko chini ya paramediki, mhudumu wa ambulensi mwenye mafunzo makubwa zaidi. Unapima presha na sukari, unaweka oksijeni, unafunga jeraha, unakandamiza kifua moyo ukisimama, unamshusha bibi wa watu kutoka ghorofa ya tatu bila kumtikisa. Dripu na dawa nyingi ni za paramediki. Mpaka huo uheshimu unapoandika, kwa sababu baadhi ya wanaosoma maombi yako ni madaktari. Ukidai ulifanya jambo ambalo cheti chako hakikuruhusu, watalijua papo hapo, na baada ya hapo hata ukweli wako watausoma kwa shaka.

Vyuo vingi vinavyotoa shahada ya udaktari ya MD hupokea maombi kupitia AMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi wa mtandaoni. Mle una nafasi ya shughuli 15, na kila moja unaieleza kwa herufi 700, hata nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Hiyo ni aya moja tu. Kisha unachagua zisizozidi tatu zilizokugusa kuliko nyingine, na kila moja ya hizo unaongezewa herufi 1,325. Kama umekaa kwenye ambulensi muda wa maana, ningekushauri iwe mojawapo ya hizo tatu.

Mara ya kwanza niliandika hivi, ninaiweka hapa kwa Kiswahili: "Nilitoa huduma za dharura kwa wagonjwa wa aina mbalimbali katika mazingira yenye shinikizo. Nilijifunza ushirikiano, mawasiliano na utulivu." Hakuna uongo hapo. Lakini EMT yeyote, wa mji wowote, angeweza kuweka sahihi chini ya maneno hayo. Msomaji alimaliza akiwa anajua kazi ya ambulensi, ambayo tayari aliijua, na mimi hakunijua kabisa.

Ukweli ni kwamba safari zetu nyingi hazikuwa na king'ora. Tulikuwa tunawapeleka watu kusafishwa damu, wale ambao figo zimechoka. Mara tatu kwa wiki, kama saa nne kwenye mashine, halafu unawarudisha nyumbani. Nilikuwa naziona safari hizo kama kazi ya teksi, nikisubiri simu ya "dharura ya kweli". Hilo ndilo kosa lililonigharimu mwaka mzima.

Kulikuwa na mzee mmoja, mkulima mstaafu (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Tulimchukua saa kumi na nusu alfajiri. Hakuruhusiwa kunywa maji apendavyo, kwa hiyo alibeba kikombe cha karatasi chenye vipande viwili vya barafu. Kimoja alikiweka shavuni tukiwa njiani, cha pili alikitunza kwa ajili ya kurudi, na hata kikiyeyuka alikinywa hivyo hivyo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na ule mshipa uliotengenezwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine. Mkono huo haufungwi kipimo cha presha, na kila mfanyakazi mpya alipokuja, mzee aliuficha chini ya blanketi kabla hata hajasalimiwa.

Majira ya baridi moja theluji ilifunga barabara akakosa siku moja ya mashine. Tulipomfikia safari iliyofuata, kikombe kilikuwa mezani, barafu yote imeyeyuka, hajaigusa. Hakutaka kulazwa kwenye machela, alitaka kukaa wima. Viatu havikuingia miguuni. Mtu aliyemwona siku hiyo kwa mara ya kwanza angedhani ndivyo alivyo. Mimi nilikuwa nimembeba mara nyingi mno kuamini hivyo. Tulimkalisha, tukamwekea oksijeni, nikaomba paramediki waje, na badala ya kliniki akapelekwa hospitali.

Hiyo ndiyo niliyoiandika mwaka wa pili. Kikombe kilichukua mstari mmoja. Mstari mwingine ulisema nilichokiona na nilichokifanya, na mwingine ukasema wazi kwamba matibabu yenyewe yalifanywa na wengine, mimi nikabaki mlangoni nikitaka kujua mwili ule ulikuwa umejaa maji wapi na kwa nini. Swali hilo ndilo lililonifanya nitake udaktari, na ndilo nililolijibu kwenye zile herufi 1,325. Mwaka huo niliitwa usaili mara tatu, na mara mbili kati ya hizo nilianza kuulizwa habari za yule mzee.

Kuna jambo linatusumbua sisi hasa, tuliolelewa kwenye Kiswahili. Tumefundishwa kwamba kujisifu ni aibu, kwa hiyo tunaandika "tulimhudumia", "tuligundua", na mtu mwenyewe anapotea ndani ya "sisi". Kwenye maombi haya anatafutwa mmoja. Andika "tulimkalisha" pale mlipokuwa wawili, lakini jicho lililogundua likiwa lako, andika "niligundua". Huko si kujisifu, ni kutoa ushahidi.

Na lugha yenyewe usiiache nyuma. Iowa kuna familia nyingi kutoka Kongo, na siku nyingine mimi ndiye niliyekuwa Mswahili pekee ndani ya gari. Mama akisema "nina presha" au "nina sukari", sisi tunajua anataja ugonjwa alionao, wala hasemi ana wasiwasi au anataka chai. Mtoto wa miaka kumi aliyelazimika kumtafsiria mama yake maneno hayo anaweza kuyapeleka neno kwa neno, na mhudumu akapotea. Kama umewahi kuwa daraja la namna hiyo, lina thamani. Litaje.

Siri za wagonjwa zilinde. Sheria ya Marekani ya HIPAA ya mwaka 1996, inayolinda taarifa za wagonjwa, ipo, lakini hata isingekuwepo, yule mzee hakukubali kuwa hadithi ya maombi yangu. Usitaje jina, tarehe, mtaa, wala tukio lililotoka kwenye habari. Katika mji mdogo umri na ugonjwa tu vinatosha mtu kutambuliwa.

Saa zako hesabu kutoka kwenye hati za mshahara, usikisie. AMCAS hutenganisha saa ulizokwisha kufanya na zile unazotarajia, usizichanganye. Watataka pia mtu wa kuthibitisha. Mpigie msimamizi wako kabla hujaandika namba yake, hasa kama uliondoka kitambo.

Kama bado uko kazini, nunua daftari leo. Ukimaliza zamu, kabla hujalala, andika mistari mitatu bila jina la mtu: ulichokiona, ulichokifanya, ambacho hukukielewa. Mimi sikuwa na daftari. Kile kikombe nilikikumbuka kwa bahati, na najua yapo mengine mengi niliyoyasahau.