Wasomaji Wanauliza: Jumamosi ya Mashindano ya Gofu, Tabora

Mwangaluka wataalamu. Sisi ni watu 24 tunaocheza gofu ya kujifurahisha. Uwanja wetu una mashimo 9 na brauni za mchanga (sehemu zenye shimo, zisizo na majani), na hakuna mwenye handikapu rasmi, yaani idadi ya mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake. Mara ya mwisho tuliposhindana tulihesabu mikwaju yote. Mwenzetu mmoja alipiga 14 kwenye shimo moja, akabeba fimbo zake akaondoka, na wa mwisho walimaliza saa 9 alasiri. Safari hii tupange vipi?
*Msomaji, Ipuli*

Mwangaluka. Acheni kuhesabu mikwaju yote, chezeni kwa pointi. Mtindo huo unaitwa Stableford, kwa jina la daktari Frank Stableford, aliyeujaribu Wales mwaka 1898, na mashindano rasmi ya kwanza yakafanyika Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Ukimaliza shimo kwa pari, yaani idadi ya mikwaju iliyowekwa kwa shimo hilo, unapata pointi 2. Ukizidisha mkwaju mmoja, pointi 1. Ukipunguza mmoja, pointi 3. Miwili, pointi 4. Ukizidisha miwili au zaidi ni sifuri, uwe umepiga 8 au 14. Mwenzenu angepata sifuri yake, akaokota mpira na kwenda tii inayofuata (tii ni mahali pa kuanzia shimo) bila kuwachelewesha wa nyuma.

Pointi huhesabiwa baada ya kuondoa mikwaju ya handikapu, na hapo ndipo vikundi vingi hukwama. Kila mtu alete kadi 3 za mashimo 18 zilizosainiwa na aliyecheza naye. Shimo lolote lililozidi pari kwa zaidi ya 5 lirudishwe hadi pari na 5. Chukueni kadi iliyo nzuri kuliko zote, mtoe pari ya uwanja, kisha mtoe 2 tena. Aliyepiga 97, 94 na 101 kwenye uwanja wa pari 72 anabaki na 22, akitoa 2 anapata 20. Siku ya mashindano anatumia asilimia 95 ya hiyo, yaani 19. Kadi zikiongezeka hadi 20, handikapu hutokana na wastani wa 8 zilizo bora. Utaratibu huo umechukuliwa kwenye mfumo wa kimataifa ulioanza mwaka 2020, ila mfumo wenyewe unaingiza pia kipimo cha ugumu wa uwanja. Kama wenu haujapimwa, handikapu hiyo ni ya nyumbani. Usiende nayo Arusha ukadai mikwaju.

Mikwaju hiyo 19 inagawanywaje? Kila shimo hupewa namba ya ugumu, 1 hadi 18. Nyinyi mnazunguka mashimo 9 mara mbili, kwa hiyo mzunguko wa kwanza upeni namba witiri na wa pili namba shufwa: shimo gumu kuliko yote ni 1 asubuhi na 2 mkirudi. Mwenye 19 anapata mkwaju mmoja kila shimo, na wa pili kwenye namba 1. Shimo la pari 4 akipiga 6, toa 1, inabaki 5: pointi 1. Akishapiga 6 na mpira bado uko nje, auokote, maana wa 7 hauna pointi. Mfundisheni kila mtu namba yake ya kuokota kabla hajatoka tii ya kwanza. Hilo peke yake litawaokolea nusu saa.

Kuhusu muda, msinakili ratiba ya Dar es Salaam. Jua la Tabora huchomoza karibu dakika 25 baada ya la Dar, na Februari na Julai linatoka karibu saa 1 asubuhi. Kundi la kwanza liondoke saa 1:30, makundi ya watu wanne wanne, kila dakika 10. Makundi yenu 6 yatakuwa yamekwisha kutoka saa 2:20. Kundi la watu wanne huchukua kama saa 2 na robo kwa mashimo 9, hivyo wa kwanza watarudi tii ya kwanza saa 3:45 na kuikuta wazi, na wa mwisho watamaliza kabla ya saa 7 mchana. Mkifika makundi 15 mambo hubadilika: la mwisho litakuwa linaondoka saa 3:50 na la kwanza limekwisha kusimama hapo likisubiri.

Fundi bomba ametupa vipande vya bomba la inchi 4 tuvitumie kama vikombe vya mashimo. Mwenzetu anasema havifai. Na kwenye brauni, mtu anaruhusiwa kusawazisha mchanga mbele ya mpira wake?
*Msomaji, Cheyo*

Mwenzenu yuko sahihi, kwa milimita mbili. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108 na kina kisichopungua 101.6, na kikombe chenyewe, kwa nje, hakiruhusiwi kuzidi 108. Bomba la maji machafu linaloitwa la inchi 4 huwa na milimita 110 kwa nje. Kwa mazoezi hakuna atakayelia. Kwa mashindano tafuteni kopo au bomba jembamba zaidi, mlipime kwa rula kabla ya kulikata. Kisha lizamisheni milimita 25 chini ya uso wa brauni, isipokuwa mchanga ukiwa unamomonyoka. Hapo kanuni inaruhusu lisogee juu. Mdomo wa kikombe ukilingana na uso, mpira hugonga ukingo na kuruka, na aliyeupiga vizuri hunyimwa haki yake.

Kusawazisha kunaruhusiwa iwapo mmekuandika. Brauni ikipita makundi mawili inakuwa na nyayo kama njia ya mnadani, kwa hiyo kanuni ya uwanja iseme hivi: weka alama nyuma ya mpira, uinue, buruta gunia au ubao mara moja kutoka shimoni hadi kwenye alama, rudisha mpira, piga. Mara moja tu kwa kila mchezaji kwenye kila brauni. Msipoweka idadi, kuna atakayeburuta mara nne hadi atengeneze mfereji unaopeleka mpira shimoni wenyewe. Wa mwisho kutoka aburute brauni nzima kwa mzunguko, akianzia shimoni kwenda nje. Ukiburuta kuja ndani, mchanga hukusanyika kuzunguka kikombe na kufanya kilima.

Mchanga uwe laini, uliochekechwa, usio na kokoto. Mafuta yanayochanganywa na mchanga ni ya kuushika tu: ukifumbata konzi moja ikashikamana bila kuacha mafuta kiganjani, inatosha. Oili chafu ya gereji hatuipendi, hasa uwanja ukiwa karibu na kisima.

Mpira wangu ulitua chini ya mwembe wenye mzinga wa nyuki. Niliuacha, nikaangusha mwingine, wenzangu wakaniandikia mkwaju wa adhabu. Je, ni haki? Na kichuguu je?
*Msomaji, Isevya*

Si haki. Nyuki wanaouma, nyoka wenye sumu na siafu ni wanyama wa hatari, na kanuni inakupa nafuu bila adhabu. Unatafuta sehemu ya karibu ambayo hatari haipo, isiyo karibu zaidi na shimo, unapima urefu wa fimbo moja, unaangusha mpira kutoka usawa wa goti. Kutumia mpira mwingine kunaruhusiwa. Wapo wanaoangusha kutoka begani, mtindo wa zamani; tangu mwaka 2019 ni goti, na ukipiga mpira ulioangushwa vibaya adhabu inakuja kweli. Angalizo moja: kama hata pasipo nyuki mpira usingechezeka, tuseme umebanwa kwenye mizizi, nyuki hawakuokoi. Chukua mkwaju mmoja wa adhabu kwa mpira usiochezeka.

Maembe yaliyoanguka ni vitu visivyoshikamana na ardhi. Yaondoe, ila mpira usisogee. Vilima vidogo vya mchwa vinavyong'oka kwa mkono ni hivyo hivyo. Vichuguu vyetu vilivyokauka kama tofali ni jambo jingine: kamati iandike kwamba kichuguu chochote ni ardhi inayotengenezwa, na mtu apate nafuu ya bure. Karatasi ibandikwe tii ya kwanza asubuhi. Kanuni inayotungwa majanini mchana, mpira wa mtu ukiwa tayari umekwama, italeta ugomvi hata ikiwa nzuri.

Aliyekuwa akiniandikia aliweka 4 nilipopiga 5. Sikuona, nikasaini. Jioni, zawadi zikiwa zimekwisha kutolewa, mtu akakumbuka. Wanataka nirudishe zawadi.
*Msomaji, Ng'ambo*

Kadi iliyosainiwa yenye idadi ndogo kuliko uliyopiga huondoa mchezaji kwenye mashindano. Yenye idadi kubwa inabaki hivyo ilivyo, umejipunja mwenyewe. Kwenye pointi kuna unafuu: kama idadi iliyoandikwa na uliyopiga zote zingekupa pointi ileile, hakuna adhabu. Mashindano yakishafungwa kwa utaratibu wa kamati, kinachosamehewa ni mikwaju ya adhabu ambayo mchezaji hakujua kuwa anayo; mkwaju aliopiga kweli ukikosekana kwenye kadi humwondoa hata wakati huo. Hata kama kweli hukujua, zawadi irudi.

Wajibu wako ni idadi ya kila shimo na saini mbili, yako na ya mwandishi wako. Kujumlisha na kupiga hesabu ya pointi ni kazi ya kamati. Someaneni kadi shimo kwa shimo kwa sauti, kabla ya soda.

Mfadhili anataka kumpa mshindi wa handikapu Sh 200,000 taslimu. Kuna tatizo?
*Msomaji, Kiloleni*

Lipo. Kanuni za wachezaji wa ridhaa za mwaka 2022 zinaruhusu fedha kwa kiwango fulani pale tu mashindano yanapochezwa bila handikapu. Ya handikapu hayana fedha taslimu kabisa. Mwambieni anunue kitu. Asali iko mlangoni kwenu.

Wawili wakifungana pointi?
*Msomaji, Kiloleni, huyohuyo*

Linganisheni pointi za mashimo 9 ya mwisho, yaani 10 hadi 18. Zikilingana, 6 ya mwisho, kisha 3, kisha la 18 peke yake. Mikwaju ya handikapu imekwisha kuingia kwenye pointi, msiiondoe mara ya pili. Na kama makundi yalianzia mashimo tofauti kwa wakati mmoja, fuateni namba za kwenye kadi, si shimo ambalo mtu alilimaliza mwisho. Bado sare? Rusheni shilingi, mbele ya wote wawili.