Kufuli tatu hazijavunjwa, fedha zimepungua

SWALI: Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina wanachama 25 na sanduku la kufuli tatu. Mwisho wa mzunguko fedha zimepungua, wala kufuli hazikuvunjwa. Tuanzie wapi?

JIBU: Kikulacho ki nguoni mwako; mwizi wa nje angevunja. Angalieni kwanza funguo ziko kwa nani. Zinatakiwa kukaa kwa wanachama watatu wasio viongozi, wa kaya tofauti, na mtunza sanduku asiwe na hata mmoja. Tatizo huanza mwenye ufunguo akisafiri na kumwachia mweka hazina "kwa leo tu". Hapo kufuli tatu zimeshakuwa moja.

Ila mara nyingi fedha hazipotelei kwenye sanduku, zinapotelea kwenye daftari. Kusanyeni vitabu vya wanachama siku moja bila taarifa, mlinganishe mihuri ya hisa (inayogongwa kitabuni mwanachama anaponunua hisa) na kumbukumbu za katibu. Kisha msomeeni kila mkopaji deni lake mbele ya wote: mkopo hewa hufichuka hapo, maana kuna atakayeshangaa kusikia jina lake. Ulizeni pia nani alirejesha mkopo njiani, nje ya kikao. Huo ndio mwanya mpana kuliko yote.

Kuanzia sasa wahesabu fedha wawe wawili, watangaze salio kabla ya kufunga, na kikao kinachofuata kianze kwa kulihakiki.