Methali za Watu Wasiokuwepo: Anza na Mtungi, Usianze na Hekima

Wiki hii msomaji mmoja ametuma methali 40 alizowabunia watu wa riwaya yake ya njozi, jamii ya wafuga majoka wanaoishi milimani. Anauliza swali moja tu: mbona zinasomeka kama maneno ya kalenda ya ukutani? Mbili za mwanzo ni hizi: "Moto wa joka hauzimwi kwa maji ya hofu" na "Nyota ya alfajiri humwongoza mwenye moyo safi."

Swali lake ni la haki. Kosa alilolifanya ndilo linalodhoofisha dunia nyingi za kubuni zinazoandikwa kwa Kiswahili, na inauma kuliona, maana sisi tumelelewa katika lugha inayosema kwa methali sokoni, jikoni, mahakamani na hata kwenye nguo. Kosa lenyewe ni kuanza na hekima. Mwandishi anakaa, anafikiria jambo zuri la kusema kuhusu ujasiri, kisha analivika ngozi ya joka. Methali haitengenezwi hivyo. Methali ni kazi ya watu iliyosemwa mara nyingi mpaka ikabaki mfupa.

Chukua "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini ndani ya chombo ambako maji yaliyovuja hukusanyika na lazima yakumbwe. Aliyeisema mara ya kwanza hakuwa akitafuta hekima. Alikuwa baharia anayejua kwamba hata utembee vipi juu ya chombo, zamu yako ya kukumba maji itafika. Au "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka." Hiyo imetoka kwenye nyumba ambamo watu husuka mikeka na vipande vya ung'ongo, yaani tepe za majani ya kushonea mikeka, vimetapakaa sakafuni. Ondoa ung'ongo na mkeka, methali haizaliwi.

Kwa hiyo kabla ya kubuni methali hata moja, chukua karatasi uandike vitu 30 vya watu wako: vyombo vya kazi 10, vipimo 5, wanyama na mimea 5, vitu vinavyoharibu kazi 5, na watu 5 walio katika nafasi ngumu, kama mgeni, mkwe, mjane, mdeni, au mtoto wa pili. Kando ya kila kitu andika kinavyoharibika na nani hulipa kikiharibika. Safu hiyo ya pili ndiyo mgodi. Ikiwa huwezi kuijaza, bado huijui jamii yako, na methali zitakazotoka zitakuwa zako wewe, si zao.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mpaka mwisho ili tuone kazi ikifanyika. Wakorongo wanaishi kwenye kingo za korongo lililokuwa ghuba. Bahari ilikauka zamani. Mvua hainyeshi, lakini ukungu hupanda kila asubuhi, nao huunasa kwa nyavu zilizowambwa kati ya nguzo mbili, zikikabili upepo. Matone hushuka kwenye nyuzi, huingia mferejini, kisha mtungini. (Nyavu za namna hii zipo kweli, Chile na Morocco, na kuzisoma kutakusaidia kuliko kusoma njozi kumi.) Kinachoharibika ni nini? Fundo hulegea, wavu hupwaya, matone hudondoka chini kabla ya kufika mferejini. Upepo mkali hupasua. Vumbi huziba matundu. Nguzo hung'oka ikiwa jiwe la kuishikilia ni jepesi.

Sasa tutunge. Rasimu ya kwanza: "Wavu haukamati upepo, bali hukamata jasho la upepo." Picha ipo, lakini ni ndefu: mizani (yaani silabi) 22, na "bali" inaipeleka kwenye hotuba. Kata: "Wavu hunasa jasho la upepo." Mizani 11. Maana yake ni kwamba mkubwa humwezi, ila kuna kitu chake utakipata ukisimama mahali pazuri. Ya pili: "Fundo moja hukausha mtungi." Hiyo nayo ni mizani 11, na haihitaji maelezo kwa mtu aliyeona wavu ukipwaya.

Hesabu mizani, tafadhali. Watu hudharau hatua hii wakidhani mizani ni ya mashairi tu. "Mchumia juani hulia kivulini" ina mizani 14, saba kwa saba. "Haraka haraka haina baraka" ina 12, sita kwa sita. "Mvumilivu hula mbivu" ina tisa. Methali nyingi tunazozikumbuka bila juhudi zimo kati ya 8 na 16, nazo hukatika pande mbili. Ikizidi 18, mzee hataimaliza kwa pumzi moja, na jamii isiyoweza kuisema kwa pumzi moja haitairithisha. Vina si lazima, lakini mrudio wa sauti husaidia sana: sikia "ba" zinavyogonga katika "Haba na haba hujaza kibaba."

Halafu sarufi, na hapa ndipo Kiswahili kinapotupa zana ambazo lugha nyingine zinazitamani. Tuna kiambishi "hu-" cha mazoea, kisicho na mtendaji wala wakati. Tuna majina ya watendaji yanayobeba sentensi nzima: mtaka, mla, mwenda, mchumia, mwamba ngoma. Tuna kirejeshi kisicho na wakati: kikulacho, wapiganapo. Na kuna hila kubwa kuliko zote, ya kuiacha nomino nje na kubakiza ngeli yake. "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Vyombo havikutajwa. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Kitu hakikutajwa, na kitanda hakikutajwa pia. Msikilizaji anajaza mwenyewe, na kule kujaza ndiko kunakomfanya ajione ni mwenyeji.

Wakorongo nao wapewe hila hiyo: "Aliofuma baba, mwana huziba." Neno wavu halipo, ila ile "-o-" inamwambia kila Mkorongo ni nini kilichofumwa. Msomaji wako wa kwanza atakwama nusu sekunde. Mwache akwame. Ukiwa umemwonyesha nyavu katika sura ya kwanza, atafika peke yake, na atafurahi kufika.

Yale yanayoua methali kwa upande wa lugha ni machache na hayabadiliki. Nomino dhahania zikizidi moja, futa: moyo safi, nuru, ndoto, ujasiri, hatima. Ukiona "kama" ya kulinganisha, futa, kwa sababu methali husema kitu chenyewe na kumwachia msikilizaji alinganishe. Ukiona "unapaswa" au "ni muhimu", hiyo ni risala ya mgeni rasmi. Na usichukue methali yetu ukabadilisha jina la mnyama. "Wapiganapo majoka ziumiazo nyasi" itamrudisha msomaji kwa tembo mara moja, na dunia yako itapasuka mbele ya macho yake. Hali kadhalika methali za kigeni zilizotafsiriwa neno kwa neno, zile za jiwe linaloviringika na ndege wa asubuhi: hazina kwao, wala hapa wala kule.

Kuna jambo moja ambalo waandishi wengi hawalifikii kabisa, nalo ndilo linalonivutia zaidi. Methali huishi kuliko kitu inachokitaja. Leo tunanunua mchele kwa kilo, lakini kibaba bado kinajazwa haba na haba, ingawa vijana wengi hawajui kwamba vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Mtu wa Dodoma ambaye hajakanyaga jahazi anakwambia "Dau la mnyonge haliendi joshi" bila kujua kwamba kwenda joshi ni kukata kuelekea upepo unakotoka. Methali ni kaburi la vifaa. Itumie hivyo. Wakorongo walikuwa wavuvi kabla bahari haijakauka. Basi wape methali moja yenye nanga: "Nanga ya marehemu haiuzwi." Hakuna chombo tena, hakuna maji ya kutia nanga, lakini nanga za mababu ndizo sasa zinazoshikilia nguzo za nyavu, na ndiyo maana kuiuza ni kuangusha nyumba. Kwa maneno manne umesimulia historia ya bahari iliyopotea bila ukurasa hata mmoja wa maelezo. Mbili au tatu za namna hii zinatosha kwa riwaya nzima. Zikizidi, zinakuwa jumba la makumbusho.

Ugeni na ukarimu vipimwe kwa kile kilicho adimu. Sisi husema "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe", kwa sababu jamii iliyoisema ilikuwa ya wakulima, na mikono ndiyo iliyokuwa haitoshi. Wakorongo hawana shamba. Kinachopungua kwao ni maji, nao huyateka kwa kata. Kwa hiyo: "Mgeni ni kata moja, ya pili ni ndugu." Kata ya kwanza anapewa yeyote. Kukubali ya pili ni kukubali udugu na madeni yake. Sasa una methali, una sheria, na una tukio: mgeni mwenye kiu anayeikataa kata ya pili, na kila mtu aliyepo anaelewa kwa nini.

Usisahau kuzigonganisha. Jamii yenye methali zinazokubaliana zote ni jamii iliyobuniwa na mtu mmoja, na msomaji hunusa. Sisi tuna "Haraka haraka haina baraka", na papo hapo tuna "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Mtu huchota ile inayomfaa siku hiyo. Kwa kila methali tatu, tunga moja ya kuipinga, umpe mhusika mwingine.

Kisha amua nani ana haki ya kuzisema, na zinakaa wapi. Mara nyingi mzee husema nusu ya kwanza akanyamaza, na mdogo humalizia. Asiyeweza kumalizia amejitambulisha kuwa mgeni. Hiyo ni njia safi ya kumfichua jasusi katika riwaya bila upanga. Na methali hazikai mdomoni tu. Pwani yetu, jina la kanga husema kile mvaaji asichotaka kukitamka, na jirani anayelengwa huelewa bila kutajwa. Wawoyo wa Cabinda na mlango wa Mto Congo walichonga mifuniko ya mbao ya vyungu yenye picha za methali, mke akamfunikia mume chakula kwa mfuniko wenye lalamiko lake. Waasante wa Ghana walikuwa na vipimo vidogo vya shaba vya kupimia dhahabu, na vingi vilitengenezwa kwa umbo la methali. Kila jamii hapo imeweka maneno kwenye kitu inachokishika kila siku. Wakorongo wangeyashona kwenye pindo la wavu, upande unaomtazama jirani.

Kuhusu idadi: tunga 40, tupa 30. Kumi zilizobaki zinatosha kwa riwaya ya kurasa 300, na mbili kati yake zirudi mara tatu, kila mara mdomoni mwa mtu mwingine na kwa nia nyingine. Mara ya kwanza ya kweli, mara ya pili ya kuumiza, mara ya tatu imepotoshwa na mwenye hila. Usiweke methali mwishoni mwa sura, kwa sababu pale itageuka mahubiri. Iweke katikati ya mabishano ya bei, ya posa, ya mpaka, mahali ambapo anayeisema anataka kupata kitu. Na usiifafanue katika sentensi inayofuata. Acha aliyeambiwa ajibu, jibu lake litafafanua.

Turudi kwa majoka. Katika ile orodha ya methali 40, methali 38 zinazungumzia moto, mbawa na nyota. Hakuna hata moja inayotaja joka linakula nini, kinyesi chake kinapelekwa wapi, au ni nani hulipa likiunguza ghala la mwenzio. Wafuga ng'ombe hawasifu pembe kutwa. Huzungumza juu ya malisho, maziwa na kupe. Lakini chini kabisa ya ukurasa, methali mbili zimekatwa kwa kalamu, na pembeni imeandikwa "za kijinga." Moja inasema, "Mfuga joka hanunui kuni." Ya pili, "Mfuga joka haezeki makuti."

Hizo ndizo. Kitu kilekile, faida na hasara, zinapingana, mizani 11 na 12. Zirudishe zote mbili. Ya kwanza mpe muuza mkaa sokoni katika sura ya pili, akiwa hajauza kitu tangu asubuhi na amekasirika. Ya pili mpe mama wa binti anayeposwa na kijana wa mlimani, aiseme akiwa anatazama juu, kwenye paa lake.